Langga ya Marites

Wa kulaumiwa ni Wafula, soja mwenzangu, tunayelinda naye jengo moja la Fereej Bin Mahmoud, huku Uarabuni. Nilikuwa nikila wa mwisho, peke yangu, na Marites, Mfilipino wa Cebu aliyetupikia kantini, kila akinipakulia wali ananiita "langga". Mimi niliishia darasa la nne, nikamuuliza Wafula maana yake.

"Kisebuano hicho, mzee. Kwa Kizungu ni darling. Umependwa!"

Nimefiwa na mke, jua la huku limenikausha, nipendwe na nani? Lakini Ijumaa nikanyoa, nikajipaka marashi, nikaingia kantini imejaa.

"Marites," nikasema kwa Kizungu changu cha kuokoteza, "hata mimi nakupenda."

Akaduwaa, mwiko juu. Mbangladeshi mfagiaji akanyoosha sahani.

"Ngoja, langga," Marites akamwambia. "Na wewe Wafula, langga, unacheka nini?"