Askari Mmoja, Mikono Mitatu

Kosa langu la mwanzo katika kazi hii nililifanya kabla sijajua kama ni kazi. Nilichukua kisu cha kumenyea muhogo, nikakata kijiti cha mkono wa plastiki, nikiamini kiwanda kimekosea na mimi ndiye wa kukisahihisha.

Wenzangu mliokulia Ole, kisiwani Pemba, mtakumbuka tulivyokuwa tukicheza. Gari ilikuwa kopo la maziwa, na magurudumu yake ndara za mpira zilizokatika. Msimu wa karafuu vidole vyetu vilinuka makonyo, vile vijiti vya karafuu, kutwa, ukila muhogo wa nazi unakula na karafuu. Gari yangu mimi haikupata kumalizika. Nikiona gurudumu halikuviringana vizuri nalikata tena, na tena, hadi linabaki kama kifungo cha shati. Mama alikuwa akinambia, "Wenzio washacheza washachoka, wewe bado fundi!"

Halafu ami yangu aliyekuwa Maskati akaleta sanduku la Idi. Ndani, baina ya tende na mafuta ya nywele, mlikuwa na maboksi mawili: moja langu, moja la binamu yangu Mize wa Shumba. Nilifungua langu kwa ncha za vidole. Mlikuwa na askari wa angani, kofia yake ya kioo, viungo vyake vinakunjika hadi vifundo vya miguu, na mikono yake miwili anayo. Kando yake, katika kishimo chake mwenyewe, mkono wa tatu: mnene, wa kijivu, mkubwa kuliko askari.

Nyumba nzima tulipigwa na bumbuwazi. Baba aliligeuza boksi juu chini. Bibi alivaa miwani, akautazama ule mkono, akasema, "Huyu kaja na mkono wa mwenziwe. Huko alikotoka kuna mtoto analia."

Sikustahamili. Nilikata kijiti cha kuchomekea ule mkono ili uingie begani kwa askari wangu. Alisimama kidogo, akaanguka kifudifudi.

Mize alipokuja kututembelea Idi pili alikuja na askari wake, na yeye kapewa guu la ziada, la kijivu vilevile.

"Tuviweke," akasema. "Vyengine vitakuja."

"Vitoke wapi? Kiwanda kimekosea."

"Kikosee mara mbili, rangi moja? Na weye ushaukata! Mtu wa haraka gani, na gari hujamaliza tangu mwaka juzi!"

Basi tukawa tunangoja. Kila sanduku la ami lilipofika tulilikimbilia. Zikaja sabuni, vikaja vitambaa vya kushonea, ikaja redio. Kiwiliwili hakikuja. Mwishowe Mize alichonga cha ndara, guu likakaa barabara. Mkono ulikataa, kwa sababu kijiti nilikwisha kukimaliza.

Miaka imepita. Leo nami natengeneza vijiaskari vya angani, hapa hapa Pemba. Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu, na kwa kuharibu. Nachonga kwa udongo, natoa kalibu, namimina plastiki, na kila uso naupaka rangi, naufuta, naupaka tena. Katika hizo video ndimo nilimokutana na watengenezaji wakubwa wakieleza wanavyopanga. Nilikaa kitako.

Lile kono halikukosewa. Watu wazima walikaa mezani, mbele ya michoro, wakachora jitu moja la kijivu, kisha wakaligawa, ili alitakaye zima anunue maboksi yote. Mkono boksi hili, guu boksi lile, kichwa kwa askari ambaye watamtengeneza kwa uchache makusudi. Hawaachi wote watoke pamoja. Hutolewa kwa mafungu. Kwanza huonyesha kivuli tu, watu wapate wazimu, ndipo waonyeshe sura. Askari yuleyule hurudi baadaye kwa rangi nyengine na jina jengine. Na wanunuzi wake? Vijana wa siku hizi hawalifungui hata boksi! Wanaliweka juu ya kabati wanalitazama. Sisi mwalimu wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, alitwambia, "Cha kuchezea kichezeeni. Mkikiweka juu mkakitazama, hicho si cha kuchezea tena." Angeona makabati hayo angesoma kunuti, dua ya kuondoa balaa.

Katika mshtuko wangu nikamsimulia Seif, mwenye duka la vyombo Chake Chake aliyekubali kuniuzia askari wangu wa kwanza. Yeye hakushtuka. Alifurahi.

"Ndiyo hiyo, kaka! Gawa jitu. Watoto watarudi wenyewe. Ukinletea mtu mzimamzima ntamuweka chini huko, na sabuni."

Ntasema kweli: nililichora. Jitu langu lilikuwa zuri kuliko chochote nilichowahi kufanya, na kila kiungo kilijua boksi lake. Kabla ya kumpelekea Seif nikampigia Mize, ambaye sasa anasomesha skuli huko Shumba.

"Mize, ilipangwa! Mkono, guu, vyote vilipangwa!"

"Yaani mtu mzima kakaa na chai yake, akasema mtoto wa Ole mpe mkono?"

"Hivyo hivyo."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Miye nlikuwa nikimuombea dua yule mtoto aliesemwa na bibi kuwa analia. Kila sala, miaka. Kumbe hata hakuwako."

Nilikuwa nimeshika mchoro wa jitu langu, na nikaona ni watoto gani nitakaowangojesha. Nawajua kwa majina.

Sisi tulingoja tusichokijua, na katika kungoja huko Mize alichonga kiwiliwili, tukacheza nacho hadi kikachakaa. Wa leo wanajua hasa wanachokosa, kwa sababu wameonyeshwa picha yake, na hawachongi. Wananunua tena. Hilo ndilo linalonishtua hadi leo.

Mchoro wa jitu niliuchana. Askari wangu wako dukani kwa Seif, rafu ya chini, na sabuni. Kila mmoja ni mzima, na ukimaliza kumtoa, boksi ni tupu.