Uzi wa Sita

Mpiga gitaa wa bendi ninayoipenda anaongea polepole, na kila akigusa uzi anapangusa vidole kwenye suruali. Mchana ule, kabla ya konseri yao hapa Rumonge, nilimkuta nyuma ya ukumbi akilalamika: uzi wa sita umekatika, na kwa vita hii maduka hayana nyuzi. Nikampa waya niliouchomoa kwenye breki ya baiskeli ya kaka yangu.

“Eh, murakoze, mutoto wangu! Leo utakaa mbele kabisa.” Akaanza kuufunga. “Uko wa mlima gani?”

Nikautaja mlima wetu, maana huku mlima ndio kijiji. Siku hizi ukitaja mlima umetaja kabila. Akaufungua ule waya taratibu, akauweka chini, akapangusa vidole kimoja kimoja. Kisha akapanda jukwaani kutuimbia amani kwa nyuzi tano.