Chai ya Koko

Jaribu kuuona uwanja mdogo huko Nzahaha: mtungi wa pombe ya mtama katikati, wageni kwenye mabenchi, na hakuna anayegusa mrija mpaka mwenye nyumba aonje kwanza. Nilipokuwa mtoto, mwenye nyumba huyo alikuwa nyanya yangu, Koko. Kwetu kuonja hivyo ni kusema: humu hamna sumu.

Lakini watu waliamini pia kwamba mulozi, yaani mchawi, huficha sumu chini ya ukucha, kisha huidondosha mtungini baada ya kuonja. Binti wa jirani yetu alipougua baada ya karamu kwa Koko, mama yake, Maman Furaha, alisimama njiani akapiga kelele: "Muangalie kucha za ule muzee!"

Mtoto alipona. Ilikuwa malaria. Hata hivyo mabenchi ya Koko yalibaki matupu, na kisimani mimi niliitwa mjukuu wa mulozi.

Kisha Maman Furaha akaokoka. Alisimama kanisani akakiri kwamba alikuwa amesingizia watu, bila kutaja jina. Mchungaji akatangaza kwamba imani yake imemfanya mwenye haki mbele za Mungu, bila tendo lolote. Vigelegele vilipigwa. Koko alikuwa benchi la nyuma.

Nje alimsogelea. "Maman Furaha, kesho ukuje kwangu unywe kidogo, bantu bakuone."

"Maman, mimi niliokoka. Sinywaka tena pombe."

"Basi nitapika chai."

"Mungu alishanisamehe. Ile maneno iliisha."

"Iliisha kwa nani?" Koko akauliza.

Mchungaji akamshika bega kwa upole. "Mama, usimrudishe chini ya sheria."

Kesho yake Koko alipika chai, akafagia uwanja, akafuta mabenchi. Hakuna aliyekuja. Jioni alinimiminia kikombe, akakiinua, akaonja kwanza, kisha akanipa. Mimi, mjukuu wake, niliyekula mkononi mwake tangu nianze kutafuna! Mpaka alipozikwa hakuacha kunionjea.

Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi. Mmoja akimsukuma mwenzake topeni, siwezi kumwambia, "Unaniamini, basi wewe ni safi, rudi ukae." Mwenzake bado yuko topeni. Namwambia aende akamwinue. Wahubiri wamenieleza kwa subira kwamba matendo mema hufuata imani kama matunda. Nimewasikiliza kwa subira hiyohiyo, na bado nalikataa fundisho lao. Linamtoa mkosaji mahakamani kwa mlango wa nyuma huku aliyekosewa angali amesimama uani na birika la chai linalopoa. Sikuona tunda. Niliona mwanamke aliyelala usingizi mzuri, na nyumba ya pili mzee aliyejitazama kucha.

Sikuombi uache imani yako. Siku utakapomsikia mtu akishangilia kwamba amehesabiwa haki, nakuomba ukumbuke kitu kimoja tu: kikombe kile, na bibi aliyelazimika kumwonjea mjukuu wake.