Jumamosi za Maiki Wazi

Mpaka leo, Jumamosi ikifika saa nane mchana, mimi huenda kuketi jikoni. Sina cha kupika saa hiyo. Huketi tu kando ya dirisha linalotazama mahindi, mahali pekee katika boma langu huku Bahati, nje kidogo ya Nakuru, ambapo mtandao ulikuwa ukishika vizuri, na simu naiegemeza kwenye mkebe wa sukari kama zamani. Simu yenyewe haiiti. Wanafunzi wangu wa Jumamosi walishamaliza, chuo kikarudi kufundishia darasani, nami nikastaafu. Mazoea ndiyo yaliyokataa kustaafu.

Mwaka ule ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga shule na vyuo. Nilikuwa nafundisha walimu wa chekechea katika chuo kidogo mjini Nakuru, wengi wao watu wazima wenye kazi nyingine wiki nzima, wanaotafuta cheti siku za mapumziko. Tukaambiwa masomo yahamie kwenye simu. Mkuu wa chuo, mtu mpole anayependa kila jambo jipya, akanipigia.

"Madam, usianze na notes moja kwa moja," akasema. "Anza na icebreaker. Watu wachangamke, wajuane."

"Wajuane ndio iweje? Wamekuja kusoma ama wamekuja kutafutana?"

Alicheka, halafu akanitumia orodha ya michezo ishirini ya kuchangamsha darasa. Niliisoma nikiwa nimekunja uso. Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini, na darasa langu lilikuwa likichangamshwa na chaki ikigonga ubao. Lakini kazi ni kazi, nikachagua mchezo wa kwanza bila hata kufikiri.

"Kama ungekuwa mnyama," nikawauliza Jumamosi hiyo, "ungekuwa mnyama gani, na kwa nini?"

Vijisanduku kumi na vinne vyeusi kwenye simu, na hakuna hata kimoja kilichopumua. Mwishowe akajitokeza mama mmoja wa mjini, mshonaji wa nguo, mtu mzima kunishinda kidogo, ambaye wazee wake walitoka Pwani enzi za reli na Kiswahili chao wakaja nacho.

"Mwalimu, kwa heshima yako," akasema, "mimi ni bibi mwenye wajukuu sita. Sitajigeuza mnyama mbele ya vijana hawa."

Nilimwomba radhi na moyoni nikampa alama zote. Wiki iliyofuata nikajaribu mchezo wa pili: washa kamera, utuonyeshe kitu kilicho karibu nawe. Hakuna aliyewasha. Kamera inakula bando, hiyo ndiyo sababu waliyoitoa. Sababu ambayo hawakuitoa naijua pia, maana hata mimi sikutaka watu waone jikoni kwangu kulivyo.

Katika wale kumi na wanne, mmoja tu sikuwahi kumsikia sauti. Alikuwa mwanamke wa mtaa wa Karagita, mfungaji wa maua katika shamba moja kule Naivasha. Nikiita jina lake huandika tu: "Niko present madam. Huku kuna kelele." Kila Jumamosi maneno ni hayo hayo. Nilimwona mvivu. Nilidhani anafungua simu na kuiacha juu ya kitanda, aende zake kufua. Na mimi nikikasirika sina breki, watoto wangu watakwambia. Nikaandika mbele ya darasa lote kwamba mwalimu asiyesikika ni picha ya ukutani.

Sentensi hiyo, kama ningeweza kuimeza, ningeimeza.

Alinipigia simu siku iliyofuata. Ndipo nilipoisikia sauti yake mara ya kwanza, na ilinibidi kuitafuta, kwa sababu ilikuwa imezikwa chini ya sauti nyingine kama ishirini.

"Madam, si ati sitaki kuongea," alisema. "Naona aibu. Nikifungua mic mtadhani niko sokoni."

Akanieleza. Aliishi katika ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, ua mmoja, bomba moja, na chumba chake kilikuwa cha katikati. Kuta zilikuwa za mabati. Alikuwa akitoka zamu saa saba Jumamosi, anakimbia kwa miguu ili saa nane imkute ndani. Kisha akafika kwenye jambo lililomnyima usingizi. Mwisho wa muhula kila mwanafunzi angefundisha somo la mfano, dakika kumi na tano, maiki wazi, mtahini akisikiliza. Asiyesikika angerudia mwaka mwingine.

"Na mwaka mwingine mimi sina, madam. Hii mikono imeanza kukataa. Ile chumba ya baridi tunafungia maua, vidole vinakufa kabisa, jioni siwezi kukamua nguo. Nikikosa hii cheti, sijui."

Hakumaliza. Nyuma yake mtu alikuwa anaita mandazi. Nikamwambia tutaona.

Jumamosi iliyofuata Mungu akaniletea msaada kupitia mlango wa bucha. Tulikuwa na bwana mmoja wa Kikopey, kwenye barabara kuu wasafiri wanakoshuka kula nyama choma, mwalimu msaidizi wa chekechea kabla shule hazijafungwa, sasa mkata nyama kwa bucha ya kaka yake. Nilikuwa katikati ya maelezo kuhusu mtoto na udongo wa kufinyanga, maiki yake ikiwa wazi bila yeye kujua, na kwa ghafla tukasikia shoka likitua kwenye gogo.

"Hiyo mbavu usikate ndogo, boss!" akapaza sauti. "Customer ako na njaa tangu Eldoret!"

Darasa zima lilicheka. Maiki za vijisanduku vile vyeusi zikafunguka moja moja, watu wanacheka hadi wanakohoa, na bibi wa mjini akauliza kama mbavu hizo zinaweza kufika Nakuru zikiwa moto. Nilikuwa karibu kuwanyamazisha. Halafu nikasikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza wale watu kuwa pamoja mahali pamoja.

Basi orodha ya mkuu nikaitupa, nikaanzisha mchezo wangu. Kila mtu kwa zamu anafungua maiki sekunde kumi, hasemi neno, sisi tunasikiliza na kubahatisha yuko wapi na kuna nini. Haukuhitaji kamera wala kuwa mnyama. Tukasikia cherehani ya bibi na, nyuma yake, wajukuu wake wakisoma Kurani kwa pamoja. Tukasikia kondoo wa Molo, na mvua ya Njoro ikipiga bati wakati kwangu jua linawaka. Malori ya Kikopey yalikuwa yakipanda mlima kwa shida. Watu walianza kuingia darasani dakika kumi kabla ya wakati, jambo ambalo sijawahi kuliona katika maisha yangu ya ualimu.

Zamu ya yule wa Karagita ilipofika nilifunga macho. Maiki ikafunguka.

Lo! Redio mbili zikishindana, moja mahubiri, nyingine mpira. Mtungi unajazwa maji. Mtoto analia, mwingine anamcheka. Mlango wa bati ukabamizwa, na juu ya yote sauti nene ya mwanamke: "Mandazi! Moto moto!" Sekunde kumi zikaisha. Nikajua nimempoteza.

"Hiyo si nyumba," bwana wa Kikopey akasema polepole. "Hiyo ni stage ya matatu Naivasha!"

Wakacheka, nami nikashika meza. Kisha nikasikia kicheko kimoja kigeni, chembamba, kikiwa juu ya zile redio. Ni yeye.

"Si stage," akajibu. "Ni kwetu. Mahubiri ni wa kulia, mpira ni wa kushoto. Mandazi ni mathe wa room ya kwanza."

"Huyo mathe anauza ngapi?" akauliza yule wa Molo, mwenye kondoo, na maswali yakamiminika. Tangu siku hiyo ploti ile ikawa ya darasa letu. Jumamosi baada ya Jumamosi tulitaka habari zake kabla ya habari za kitu kingine. Mtoto ameota meno? Yule wa mpira timu yake imeshinda? Siku moja mandazi hayakuitwa na darasa likagoma kuanza mpaka tuambiwe kwamba mathe, yule mama wa mandazi, ana mafua tu na ameshakunywa dawa. Yule niliyemwita picha ya ukutani akawa ndiye anayezungumza kuliko wote.

Halafu wakakumbuka kwamba mimi sijawahi kucheza.

"Mwalimu naye!" walisema. Nilijaribu kuwapiga chenga, wakakataa. Nikaketi kimya, maiki wazi, sekunde kumi.

Tak. Tak. Tak.

Ni saa ya ukutani. Mume wangu alipewa alipostaafu kazi ya reli, akaitundika mwenyewe juu ya kabati la vyombo, na miaka minne baadaye akafariki, akaniachia. Watoto wako Nairobi na kwingineko. Sikuwa nimejua, mpaka sekunde zile kumi, kwamba nyumba yangu haina sauti nyingine.

Hakuna aliyefanya mzaha. Bibi wa mjini ndiye aliyesema, taratibu: "Saa ya ukutani. Mwalimu, wakaa peke yako?"

"Tufungue ukurasa wa arobaini," nikajibu kwa ukali. Iliniuma, na nilikuwa na aibu kwamba imeniuma. Usiku... hapana, nisijionee huruma; nilifundisha ukurasa wa arobaini na nikaufundisha vizuri.

Siku ya masomo ya mfano ikakaribia. Mchezo ulikuwa umemtoa yule wa Karagita aibu, lakini haukuwa umemwondolea kelele. Mtahini hakuja kucheza. Nilimwomba mkuu amruhusu afundishie ofisini mjini Nakuru, akasema wakati ule hakuna ruhusa ya kufungua hata mlango. Nikamwambia mwanafunzi atafute kanisa, lilikuwa limefungwa. Kando ya ziwa kulikuwa kimya, ila mtandao hauko. "Wacha tu madam," akaniambia. "Nitajua cha kufanya." Nilivyomwelewa, alikuwa amekata tamaa.

Jumamosi hiyo mtahini aliingia saa nane kamili, mwanamume mwenye sauti kavu. Bwana wa Kikopey akafundisha rangi, akapita. Bibi akafundisha maumbo kwa vipande vya kitambaa, akapita. Kisha likaitwa jina la yule wa Karagita. Kijisanduku chake kikafunguka.

Hapakuwa na sauti. Hakuna redio, bomba, wala mandazi. Nikadhani mtandao umemkatikia. Nilimwita mara moja. Nilimwita mara ya pili, na mtahini akasema, "Mwalimu, naona mtahiniwa wako hayupo. Tuendelee?"

"Niko, madam," ikaja sauti yake, karibu sana, kama ameketi hapo mezani pangu. "Ni ploti imenyamaza."

Kisha akasema, "Watoto, hamjambo?"

"Hatujambo, mwalimu!"

Walikuwa watoto wa ploti, aliowakusanya wote chumbani mwake na kuwakalisha sakafuni. Alikuwa na mkebe wa vifuniko vya soda. Tuliusikia ukitikiswa, tukasikia vifuniko vikimwagika, na sauti ndogo zikihesabu moja, mbili, tatu. Aliyekosea aliambiwa, "Jaribu tena, tunakungoja," na kweli wakamngoja. Nilimsikiliza mwalimu. Nilisahau kuandika alama.

Katikati ya somo sufuria ilianguka mahali fulani uani. "Shhh!" ikafuata sauti nene, ile ile tunayoijua. "Wewe! Si tulisema!" Sikuthubutu kucheka. Watu wazima wa vyumba kumi na viwili, Jumamosi mchana, saa zao chache za kufua na kupumzika, walikuwa wamezima kila kitu na kuketi milangoni ili mmoja wao asikike.

Dakika kumi na tano zikaisha. Mtahini alikohoa.

"Nimesikia kila neno," akasema. "Umepita." Akaaga, akatoka.

"Umemaliza?" mathe wa mandazi akauliza kutoka nje.

"Nimemaliza! Nimepita!"

Sijui kuieleza iliyofuata. Vigelegele, masufuria yakigongwa, redio ya mahubiri na redio ya mpira zikifunguliwa kwa pamoja, watoto wakipiga kelele hata hawajui kwa nini. Darasa langu nalo likafungua maiki zote. Tulipiga kelele pamoja mpaka koo likanikauka, mimi ambaye nilikuwa nafukuza watu darasani kwa kunong'ona.

Kisha wakaanza kuaga mmoja mmoja, kwa sababu hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Vijisanduku vikatoweka. Kikabaki cha yule wa Karagita, maiki wazi. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka uani, nilimsikia kwa mbali akicheka na watu wake. Alikuwa amesahau simu.

Kitufe cha kufunga darasa kilikuwa chini ya kidole changu. Sikukibonyeza. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, nikabandika chai. Mtungi ukajazwa maji, mtoto akalia, mathe akaanza kuita mandazi, na mimi nikanywa chai yangu nao. Saa ya ukutani sikuisikia hata kidogo, mpaka bando lilipokwisha.