Chupa Mbili Zisizo na Lebo

Katika miaka ya tisini nilifundisha historia katika shule moja ya sekondari mjini Migori, na nilikuwa na gari dogo kuukuu ambalo halikuwa na cha kujivunia ila kioo chake cha mbele. Kioo hicho nilikitunza kwa kanuni. Maji ya kisima yalikiachia madoa meupe. Maji ya ziwa, niliyoyajaribu mara moja huko Homa Bay, yaliota ukijani ndani ya tangi dogo lililo chini ya boneti na kuziba tundu za kurushia maji. Sabuni ya unga nayo ilitoa povu lililoficha barabara kuliko vumbi lenyewe. Baada ya majaribio ya karibu mwaka mzima nilitulia kwenye mchanganyiko mmoja: maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa, kifuniko kimoja cha sabuni ya maji, na vifuniko vitatu vya spiriti.

Mchanganyiko huo niliuweka katika chupa ya plastiki niliyoibandua lebo, kwa kuwa sikupenda chupa itangaze kitu kisichokuwamo. Nyumbani nilizibandua chupa zote.

“Mwalimu,” mke wangu alinionya zaidi ya mara moja, “weka hata uzi shingoni tuijue ya gari.”

Sikuweka.

Mke wangu alikuwa Msabato, na katika nyumba yetu kila kazi ilipaswa kukamilika Ijumaa kabla ya jua kuzama. Ijumaa ninayoikumbuka ilikuwa na haraka zaidi, kwa sababu kesho yake mama mkwe wangu angebatizwa ziwani Homa Bay, baada ya miaka mingi ya kusitasita. Alikuwa ameomba jambo moja tu: binti yake awe ufuoni na leso kavu, ampokee atokapo majini. Pasta alikuwa amepanga kubatiza saa tatu, kabla upepo haujachafua maji. Basi mke wangu alichemsha sukari na maji ya kuchanganyia juisi ya ndimu, akaipoza, akaitia chupani. Jua lilikuwa limeshagusa vilima nilipofungua boneti, nikajaza tangi, nikafunga, nikanawa mikono kwa wakati. Niliridhika sana.

Asubuhi tuliondoka watatu: mimi, mke wangu, na shangazi yangu, Mkatoliki, aliyekaa nyuma na kikapu cha chakula. Tulipopita Rongo vumbi lilitanda, nami nikabonyeza kitufe cha kurushia maji kiooni. Waipa zilikwenda na kurudi, zikaacha utando wa rangi ya chai. Nikabonyeza tena. Tulipokaribia ziwa vijidudu vyake viliinuka kama moshi, na badala ya kugonga kioo na kuanguka, vilibaki papo hapo. Nikabonyeza mara ya tatu, na barabara ikatoweka kabisa.

Nilisimamisha gari kando. Saa yangu ilionyesha saa tatu kasoro dakika ishirini. Nilipitisha kidole pembeni mwa kioo, nikakionja.

“Ni tamu,” nikasema.

“Yawa!” shangazi akacheka. “Gari limekunywa chai kabla yetu.”

Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameikumbatia leso ya mama yake. “Ikiwa sukari iko huko,” alisema polepole, “kikapuni kuna nini?”

Shangazi alifungua chupa iliyokuwa kati ya chapati na mayai, akanusa, akaurudisha uso nyuma haraka. “Spiriti. Mngetumaliza kanisa zima.”

Chupa tulikuwa nayo. Kitambaa hatukuwa nacho. Leso ile ilikuwa na kazi yake. Shangazi alijitolea kushuka kwenye duka lililokuwa mbele kidogo.

“Nyinyi hamnunui leo. Mimi naweza.”

“Kukutuma ni kununua, shangazi,” mke wangu akajibu.

“Na kuosha kioo?”

“Kuona njia si kazi.”

Shangazi akafungua kitambaa chake cha kichwa, kipya, chenye maua, akanirushia. “Shika. Kanisa langu ni kesho.”

Nilimimina mchanganyiko wangu juu ya kioo kwa mkono, nikasugua kutoka juu kwenda chini, kisha upande kwa upande, mpaka vijidudu vikatoka. Sikugusa tena kitufe. Tulisimama mara mbili zaidi, na kila mara nilikuwa nimeshuka kabla gari halijatulia vizuri.

Ufuoni mama mkwe alikuwa amesimama, maji yakimfika magotini, akitazama barabara. Pasta alikuwa akimsubiri kwa subira iliyoanza kupungua. Mama mkwe alipoliona gari letu aligeuka, akaendelea kuingia majini.

Mke wangu alimpokea kwa leso kavu. Chakula cha mchana tulikishushia maji matupu. Jumapili nilisafisha tangi mara nne kwa maji ya moto, nikamnunulia shangazi kitambaa kingine, na tangu wiki hiyo nilitia mchanganyiko wangu tone la bluu ya kufulia.