Haya ya Bi Mize

Nakumbuka siku moja pale mtaani Kilburn, huku ughaibuni, wakati mimi ni binti wa umri wako, Bi Mize alipoitia kufuli kamati nzima kwa neno moja. Kaa nikuhadithie, mwanangu. Najua utanijibu kwa Kiingereza, lakini kusikia unasikia.

Nyumba yetu ilikuwa ya ushirika: kila mtu na flati yake, jiko kubwa la wote, bustani ya wote, na mambo yote yakiamuliwa mkutanoni. Kanuni ilikuwa moja, halipiti jambo mpaka wote waridhie. Kanuni nzuri, sikatai. Ila mwenye sauti kubwa ndiye aliyekuwa akihesabiwa kuwa ni "wote."

Bi Mize alikuwa mjane wa Kipemba, akikaa ghorofa ya tatu. Lifti hakuna, na magoti yake yamekwisha. Daktari kamwambia ngazi basi. Flati ya chini ikawa wazi, na asipoipata hiyo atapelekwa nyumba ya wazee, huko mbali, hana hata wa kusalimiana naye kwa lugha yake.

Kamati ikagawanyika. Nusu wanataka apewe, nusu wanataka iwe ya kulaza wageni wetu, na hao kiongozi wao Bi Sushila, Muhindi wa Nairobi. Miezi wanakutana, wanakunywa chai, wanaondoka vile vile. Na mwenyewe Bi Mize yupo pale pale, wanamzungumza kama kabati linalotafutiwa pa kuwekwa! Mimi nilikaa ubavuni pake kumtafsiria. Kiingereza akikijua, ila cha kugombana alikuwa hakitaki.

Siku hiyo Bi Sushila akamgeukia kwa Kiswahili: "Mama, tuifanye ya wageni, na wewe utapata mahali pazuri pa kutunzwa. Sawa?"

Bi Mize akatazama chini. "Haya."

"Amekubali!" Bi Sushila akamwambia mwenyekiti, Bwana Martin, naye keshashika kalamu.

Nikaruka. "Hajakubali! Hiyo si "sawa," hiyo ni "haya" ya mtu mwenye haya zake! Anakwambia sema umalize!"

"Kwetu Nairobi, haya ni sawa."

"Kwenu! Kwao Pemba siyo!"

Bi Mize akanifinya paja, nusura nipige ukelele. "Nyamaza wewe. Wanigombea ugomvi wangu, kwani mimi nimekufa?"

Niliona aibu, usiniulize. Kumbe bibi wa watu keshapandwa na mori. Akajiweka sawa kwenye kiti, akamwambia Bwana Martin kwa Kiingereza kilichonyooka aendelee na mambo mengine ya mkutano.

Rangi ya mlango? "Sikubali." Zamu za kutoa taka? "Sikubali." Banda la baiskeli, ambalo Bi Sushila kalililia mwaka mzima? "Sikubali." Hata chakula cha pamoja cha Jumapili, na mpishi wake ni huyo huyo Bi Mize! "Sikubali." Alaa! Watu wakaguna, viti vikalia. Kanuni ni yao wenyewe, na hakuna wa kumwambia kitu.

Bwana Martin akavua miwani. "Bi Mize, kwani wewe unataka nini?"

Miezi yote hiyo, mwanangu, hakuna aliyewahi kumuuliza. Hata waliokuwa upande wake. Hata mimi mkalimani wake.

"Nataka ile flati," akasema. "Siombi sadaka. Nalipa kodi kama nyinyi, na jiko lile nimelipikia kuliko yeyote hapa. Nyumba ya wazee siendi. Nitafia hapa hapa, na nitachelewa kufa, mkasirike!"

Bi Sushila akashika kinywa. "Mama, mbona hukusema?"

"Ulinambia. Hukuniuliza."

Machozi yakamlenga Bi Sushila. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wake, wengine wakafuata, na ndiye aliyekuja kumshushia masufuria yake.

Sasa nije kwako. Juzi umenambia kazini wamekupanga zamu siku ya Idi, nawe ukawajibu hamna taabu. Hamna taabu! Uso umekuvimba kwa kilio, taabu ipo wapi basi kama si hapo? Adabu yako nimeilea mimi, sitaki uiache. Lakini usimwache mtu aichukue akaifanya idhini. Hapana unaisema wewe, kwa kinywa chako, mbele yao, na ukishaisema usiombe radhi. Na ukijaaliwa kuwa mwenye kikao, ukaona watu wamekwama, mtafute aliyenyamaza umuulize mwenyewe. Usimsemee, hata kama unampenda.

Mola akupe ulimi usiotetemeka, akupe na wenzio wanaosikia. Akuondolee khofu ya wakubwa wa kazi, maana wao nao wanakula wali kama sisi. Amin. Haya, futa machozi, simu hiyo hapo, wapigie.