Doa la Unyevu Karibu na Ikutha

Kwa kweli nilitamani gari liharibike. Ofisa wa mifugo alikuwa akiendesha kuelekea Ikutha, nami nimeketi kando yake, ramani niliyoichora imelala magotini. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na wafugaji wa pande zile, mjomba wangu akiwa mmoja wao, walikuwa wakingoja kuambiwa wapeleke ng'ombe wapi. Ramani yangu ilisema kuna maji mahali ambapo ramani ya serikali haikuonyesha hata kidimbwi.

Niseme nilivyofika hapo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya mradi mmoja mjini Kitui. Wageni waliotuletea kompyuta na picha za setilaiti waliondoka kabla ya kumfundisha mtu yeyote. Wakaacha kurasa za fotokopi. Nilizisoma peke yangu, ukurasa mmoja mara nyingi, mpaka ukakubali kueleweka.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba picha ile ni namba tupu. Kila kipande cha ardhi kina namba sita, za mwanga kinaourudisha juu, ule tunaouona na ule tusiouona. Ukiziangalia moja moja zinakudanganya, maana maji ni meusi, na nyika iliyoungua nayo ni nyeusi. Lakini ukizizidisha na kuzijumlisha kwa kanuni yake, unapata namba tatu mpya: mng'ao wa udongo, ukijani wa mimea, na unyevu. Hapo weusi unatengana. Namba ya unyevu ya nyika iliyoungua inashuka, ya maji inapanda.

Madoa meusi yalikuwa yametapakaa kutoka Makueni hadi kusini mwa Kitui. Karibu yote yalishuka, na sikushangaa, kwa sababu watu wetu huchoma nyasi kavu wakingoja mvua. Doa moja, karibu na Ikutha, likapanda.

Sikuliamini. Mimi ni mtu wa namna hiyo: jibu likitoka zuri, nahisi nimekosea. Niliacha kompyuta nikapiga hesabu upya kwa kikokotoo, kipande kwa kipande, na jibu likawa lile lile. Hata hilo halikunituliza. Huenda kanuni yenyewe niliielewa vibaya, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Ng'ombe aliyekonda akitembezwa kote huko na kukuta majivu, harudi.

"Mbona unatetemeka?" ofisa aliniuliza.

"Ni barabara, mzee."

"Barabara gani? Tumesimama."

Kweli, alikuwa amezima injini. Tulishuka tukapita vichaka kwa miguu. Kabla sijaona chochote nilisikia wanawake wakiimba. Ilikuwa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja, wakizoa tope pembezoni mwa silanga, bwawa la udongo walilolichimba wenyewe miaka mingi baada ya ramani ya serikali kuchorwa. Katikati kulikuwa na maji, rangi ya chai ya maziwa.

Kiongozi wao, mama aliyefunga leso kiunoni, alitutazama. "Mmetumwa na nani?"

Ofisa akaninyooshea kidole. "Huyu ameona silanga yenu kutoka juu."

"Juu wapi? Kwa ndege?"

"Setilaiti, mama," nikasema. "Iko juu kuliko ndege."

Akawatafsiria wenzake kwa Kikamba, wakacheka. "Sasa hiyo kitu imetuona tukichimba miaka yote, na haijatuletea hata uji?"

"Nilitaka tu kuhakikisha kama ni maji," nikasema.

"Si uingize mguu, kijana. Ama unangoja ikuambie?"

Nikavua viatu nikaingia. Maji yalinifika magotini. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na sikujali walivyonicheka.

Kisha ofisa akawaomba waruhusu ng'ombe wa mbali waje kunywa, na vicheko vikaisha. Mama akasema kwato zitabomoa ukingo. Wakajadiliana kwa sauti za chini. Sikuwa nimefikiri kwamba maji yanaweza kuwepo na bado ng'ombe wasiyapate.

"Waje," akasema mwishowe. "Lakini mnyama asishuke. Wenyewe wateke maji, wanyweshe huko nje ya ua wa miiba. Na mwenye ng'ombe aingie kwa mwethya kama sisi, azoe tope."

"Hata wanaume?" ofisa akauliza.

"Kwani wao hawana mikono?"

Niliporudi huko baadaye nilimkuta mjomba ndani ya tope hadi mapajani, akipokezana karai na wanawake.

"Mpwa wangu," akaniambia, "uliniambia kuna maji. Hukusema kuna kazi."

"Kazi haikuonekana kwenye picha, mjomba."

Akacheka, akanitupia karai. Nje ya ua wa miiba ng'ombe wake walikuwa wamelala chini, wakicheua.